Mwana wetu anataka kuwa fundi wa kuchomelea: wazazi, tusikilizeni kwanza

EDMONTON, LONDON – Kila nikipiga simu Muscat au Dubai siku hizi, tukishamaliza salamu na habari za wagonjwa, linakuja swali moja: "Ni kweli yule mtoto ameacha chuo kikuu akachomelee vyuma?"

Yule mtoto ni mwana wa dada yangu. Ana miaka 18, amezaliwa hapa hapa London. Alipata nafasi ya kusomea biashara chuo kikuu, na ami yake wa Muscat akajitolea kumlipia ada ya mwaka wa kwanza. Kijana akashukuru, akakataa, akatia saini mkataba wa uanagenzi katika karakana moja ya vyuma huku Edmonton. Tangu siku hiyo ami hajibu salamu zake. Kwenye kundi la familia la WhatsApp alisema neno moja tu: "Jina letu si la vibarua."

Mimi nimesomesha miaka mingi, na wengi mnaniuliza nionavyo. Basi leo nitaeleza kazi hii ni ipi, inasomwa vipi, inalipa nini na inaumiza wapi. Hukumu mtatoa wenyewe.

Si lile geti la barabarani

Tukisikia kuchomelea, sisi watu wa pwani tunamuona fundi wa jua kali, amechuchumaa kando ya barabara, amevaa miwani ya jua, anaunganisha geti. Yule naye ni fundi, simdharau. Lakini kazi anayosomea kijana wetu ni pana zaidi.

Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,500 hivi. Fundi anawasha cheche ya umeme kali kuliko hapo, anayeyusha kingo za vyuma viwili pamoja na chuma cha kujazia, na mkono wake unatembea polepole kwa mwendo mmoja. Akienda mbio, mshono hauingii ndani. Akikawia, anatoboa. Umbali baina ya ncha na chuma ni wa milimita chache, na lazima ubaki vile vile mpaka mwisho.

Njia ziko kadhaa. Iko ya fimbo, ile tunayoijua sote. Iko MIG, ambapo waya unajilisha wenyewe huku gesi ikiukinga mshono na hewa. Na iko TIG, ya mikono miwili, mmoja umeshika mwali na mwingine unalisha waya. Hiyo ndiyo ya mabomba ya maana na vyuma visivyoshika kutu.

Kijana ananiambia wiki za mwanzo hakuunganisha kitu. Alikata mabamba, akasafisha kutu kwa grenda, akapiga mistari iliyonyooka juu ya chuma chakavu, mmoja baada ya mwingine, mpaka msimamizi aliporidhika. Kisha anajifunza kwa mkao: chuma kimelala, chuma kimesimama, chuma kiko juu ya kichwa na cheche zinakushukia. Mwisho kabisa ni bomba lililofungwa kwa mshazari wa nyuzi 45, usiloruhusiwa kuligeuza. Wewe ndiye unayelizunguka. Nyinyi wa Ghuba mnalijua jaribio hilo kwa jina la 6G.

Na mtihani wake! Mimi nimesahihisha madaftari kwa miaka, najua mwanafunzi anavyoweza kupata alama mbili tatu kwa kujaza ukurasa. Hapa hakuna hayo. Mshono unakatwa vipande, kipande kinakunjwa kwenye mashine mpaka kifanane na herufi U. Ukipasuka, umeanguka. Mwingine unapigwa eksirei, tundu dogo la hewa linaonekana kama doa kwenye pafu. Huwezi kumbembeleza mtahini wala kumtafuta ajuaye mtu ofisini.

Hata ukifaulu hujamaliza. Kwa kanuni za kimataifa cheti cha mchomeleaji lazima kithibitishwe kila miezi 6 kwamba bado anaifanya kazi ile. Akikaa bila kuitumia, cheti kinakufa. Mimi shahada yangu iko ukutani na haijaniuliza chochote tangu nilipoipata.

Muda, mshahara na suala la riba

Hapa Uingereza uanagenzi ni kazi yenye mkataba. Mwanagenzi anaajiriwa, analipwa, na sehemu ya saa zake za kazi ni za masomo. Ngazi ya pili, ya mchomeleaji wa kawaida, huchukua kama mwaka mmoja na nusu. Ngazi ya tatu, ya mabamba mazito au ya mabomba, ni kama miaka mitatu. Aliye chini ya miaka 19 na hana alama za kutosha za Kiingereza na hesabu lazima aendelee kuzisoma. Kwa hiyo anayedhani kazi hii ni ya waliofeli hesabu, amekosea njia. Pembe, vipimo na michoro ndiyo chakula cha kila siku.

Mshahara wa mwanzo ni mdogo. Kima cha chini cha mwanagenzi kilichoanza Aprili 2025 kilikuwa pauni 7.55 kwa saa. Kwa saa 37 kwa wiki ilikuwa kama pauni 279. Akishapita mwaka wa kwanza na ametimia miaka 19, anastahili kima cha umri wake. Kwa viwango hivyo hivyo vya 2025, wa miaka 18 hadi 20 ilikuwa pauni 10, na wa 21 kwenda juu ilikuwa pauni 12.21.

Sasa linganisheni. Ada ya chuo kikuu England kwa mwaka wa masomo ulioanza 2025 ilikuwa hadi pauni 9,535. Miaka mitatu inapita pauni 28,000, bado chumba na chakula. Wengi wanalipa kwa mkopo wa serikali, na mkopo ule una riba. Familia nyingi za Kiislamu zinakwama hapo. Sheria ya mwaka 2017 ilifungua mlango wa mkopo usio na riba kwa wanafunzi, lakini mpaka naandika haya haujaanza kutolewa. Ami alitaka kulipa mwaka mmoja, Mungu amjazi kheri. Hiyo miwili iliyobaki ingetoka wapi? Kijana aliliona hilo kabla yetu.

Neno kwa mlioko huko: njia hii ni ya mwenye haki ya kufanya kazi Uingereza, na kwa kawaida aliyekaa hapa miaka mitatu. Usimtoe mtoto Sohar kwa viza ya matembezi ukadhani atapokewa.

Macho, mapafu na ndevu

Dada yangu hakulia kwa sababu ya chuo kikuu. Alilia kwa ajili ya macho ya mwanawe, na hofu yake ina msingi. Mwanga wa cheche unaunguza macho, na maumivu hayaji pale pale. Yanakuja usiku, kama umetiwa mchanga. Kofia ya kuchomelea yenye kioo kinachojitia kiza inakinga, bora ivaliwe kila mara na walio karibu nao wakingwe kwa pazia.

Mapafu ndiyo yanayonitia hofu zaidi mimi. Mwaka 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliuweka moshi wa kuchomelea kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Februari 2019 wakaguzi wa usalama kazini wa hapa, HSE, wakatangaza kwamba kuacha dirisha wazi hakutoshi: ndani ya karakana lazima kuwe na mtambo wa kuuvuta moshi pale unapotoka, na usipotosha, fundi avae kinga ya kupumulia. Mafundi hawa hushauriwa pia chanjo ya nimonia, kwa kuwa moshi unalidhoofisha pafu.

Na hapo likaja suala la ndevu. Barakoa inayobana uso haizibi vyema juu ya ndevu, moshi unapenya pembeni, kwa hiyo wanaoivaa hutakiwa wanyoe. Kijana wetu hakutaka kunyoa. Lakini iko kofia yenye kipepeo kinachovuta hewa, kuichuja na kuipuliza usoni. Hiyo haibani, na mwenye ndevu anaivaa. Bei yake ni mamia ya pauni, na kwa sheria ya hapa vifaa vya kinga ananunua mwajiri, hamkati mfanyakazi. Kijana aliuliza kwa adabu kabla ya kutia saini, akapewa. Vijana wengi hawajui kwamba wanaweza kuuliza.

Aibu hii tumeitoa wapi?

Wazee wetu hawakuwa nayo. Majahazi yaliyotuleta na kuturudisha yaliundwa na mafundi wa Sur na Lamu, na fundi mkuu alipopita watu walimpisha. Nabii Daud, alayhi salaam, alilainishiwa chuma akaunda deraya kwa mikono yake. Hayo kila mtoto wa chuoni ameyasoma.

Mombasa tulikuwa na mfano mkubwa zaidi. Baada ya vita vya pili, Aga Khan, Sultan Khalifa bin Haroub wa Unguja na jamaa wa Kibohora walichanga fedha kusimamisha taasisi ya Waislamu, MIOME, ili vijana wa pwani wapate elimu ya ufundi. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951. Mwaka 1972 ikawa Mombasa Polytechnic, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Sultani mwenyewe aliona ufundi unafaa kutolewa mali. Sisi wajukuu tunaona unafaa kufichwa.

Mimi nilisoma sekondari ya misheni, mapadri wakitusomesha mashairi ya Keats. Miaka mingi baadaye, nilipohamia Edmonton, ndipo nikajua kwamba Keats kabla ya kuandika yale mashairi alikuwa mwanagenzi mtaani humu, Church Street, kwa mganga aitwaye Thomas Hammond. Hata Waingereza, watoto wao walianzia kwa fundi.

Kazi zenyewe ziko wapi

Edmonton ni mtaa wa kazi. Ukitoka soko la Edmonton Green ukaelekea mto Lea, unakutana na karakana na maghala pande zote za barabara kuu. Huko ndiko kinakojengwa kiwanda kipya cha kuchoma taka na kutoa umeme na joto, mahali pa kile kilichoanza kazi mwaka 1971. Kimepangwa kupokea hadi tani 700,000 kwa mwaka. Wakaazi wengi wamekipinga kwa ajili ya hewa ya watoto wao, na wana haki ya kusema. Lakini boila na mabomba ya mtambo kama huo, apende mtu asipende, yanaunganishwa na wachomeleaji wenye vyeti.

Na huko kwenu? Duqm kuna gati la kutengenezea meli, na kiwanda cha kusafisha mafuta kilizinduliwa Februari 2024. Dubai kuna Drydocks, Bahrain kuna ASRY. Mishono yote ile inapigwa na watu wa Kerala, wa Pakistan, wa Ufilipino, wanaosomesha watoto wao kwa kazi tunayoionea haya. Serikali zenu zinataka wenyeji wazishike kazi za ufundi. Nani ataanza, ikiwa kila ami atamnunia mpwawe?

Kabla ya kutia saini

Mzazi ambaye mwanawe ameleta habari kama hii, asimkatalie wala asimkubalie siku ile ile. Fuatana naye mpaka karakana, uulize haya:

Atafundishwa njia ngapi, na mikao ipi? Anayejua njia moja tu, chuma kimelala tu, hapati kazi nzuri.

Cheti atakachofanyia mtihani ni cha kanuni ipi, na ada ya mtihani analipa nani?

Mtambo wa kuvuta moshi uko wapi, na lini ulikaguliwa mwisho? Kwa sheria ya hapa haupiti miezi 14 bila kukaguliwa. Wakikuonyesha mlango uliofunguliwa, mshike mwanao mkono muondoke.

Kuna nafasi ya kuswali adhuhuri na alasiri? Ulizeni mapema, msingoje mpaka mtu akasirike.

Na la mwisho muulize mwenyewe: utaweza kulala chini ya bomba katika baridi ya Januari, miaka thelathini? Kijana wetu alipoulizwa hilo na mama yake alifikiri kidogo, akasema thelathini hajui, lakini mitatu anaiweza. Kwa mtoto wa miaka 18, mimi naona amejibu vya kutosha. Mtihani wake wa kwanza wa kukunja ni mwezi ujao. Ami, kama unasoma, namba yake ni ile ile.