Joto la Nyumba Katika Milima ya Usambara

Usiku mmoja wa mwezi wa Julai, ndani ya mipaka ya mkoa mmoja wa Tanga, mtu wa Ngamiani, mjini Tanga, huweza kulala madirisha yakiwa wazi na feni ikizunguka, ilhali ndugu yake aliyehamia Lushoto amejifunika mablanketi mawili na bado baridi ya kipupwe inampenya magotini. Mombo, chini ya milima, iko kiasi cha mita 400 juu ya usawa wa bahari, na Lushoto kiasi cha mita 1,400; na kwa kuwa hewa hupoa kwa takriban nyuzi sita na nusu kila mtu apandapo mita 1,000, abiria aliyeingia garini Mombo amekunja mikono ya shati hushuka Lushoto akiulizia sweta. Katika Juni, Julai na Agosti kipimajoto mjini huteremka usiku hadi nyuzi 10 hivi, na huko juu zaidi, Magamba na Shume, hupita hapo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa nyumba na siha wa mwaka 2018, lilishauri kwamba hewa ya ndani isiachwe kushuka chini ya nyuzi 18 wakati wa majira ya baridi. Kwa kipimo hicho nyumba nyingi za Usambara ni baridi kuliko imfaavyo mtoto mchanga au mzee, na jambo hili halisemwi sana, kwa sababu habari za hali ya hewa katika nchi yetu aghalabu huandikwa na watu wa pwani, ambao shida yao ni hari.

Wazee wa Wasambaa walikuwa na tadbiri zao. Waliitambua nchi yao kuwa na pande mbili, mlimani penye mvua na ubaridi, na nyika ya chini penye joto na ukame. Na vijiji vyao vingi walivijenga karibu na ukingo wa milima, ili waweze kulima huku na huku. Nyumba yao ya asili ilikuwa msonge wa nyasi zilizoshuka kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, wenye mlango mmoja mfupi na bila dirisha, moto wa mafiga ukiwaka ndani, mbuzi wakilala upande mmoja na kuongeza joto la miili yao, na juu ya moto pakiwa na dari ya fito ambapo mahindi yalihifadhiwa. Moshi haukuwa na njia maalumu ya kutokea. Ulipenya polepole katika nyasi, ukakausha mahindi na kuwafukuza wadudu walao nafaka na fito. Nyasi nene hushika hewa ndani yake, na hewa iliyotulia ni kizuizi bora cha joto. Kwa hiyo kuni chache zilitosha kwa usiku mzima. Gharama ya mpango huo ilikuwa macho na vifua vya akina mama, nayo si gharama ndogo, wala sitaki msomaji adhani kwamba namshauri arudi msongeni.

Bati lilipokuja lilileta neema ya kweli, kwa kuwa halivuji upesi, haliungui, wala halihitaji kuezekwa upya kila baada ya miaka michache. Lakini bati ni jembamba, na chuma hupitisha joto bila kizuizi: mchana jua likiwaka chumba hugeuka tanuri, na usiku anga likiwa safi bati hupoteza joto lake kwa haraka hata likawa baridi kuliko hewa yenyewe. Mvuke wa pumzi za waliolala hupanda ukaligusa na kugeuka maji. Ndiyo maana katika nyumba isiyo na dari, kuelekea alfajiri, bati hutoa jasho, na matone huanguka juu ya blanketi ingawa nje hapakunyesha hata rasharasha.

Na juu ya bati liko kosa jingine, ambalo kwa maoni yangu ni kubwa zaidi, nalo ni ramani. Ukiitazama nyumba mpya inayojengwa leo kandokando ya barabara ya Soni au ya Magamba, utaona kwamba ni nyumba ya Dar es Salaam iliyopandishwa mlimani: madirisha mapana ya alumini yanayosogezwa, matundu ya hewa juu ya kila dirisha, nafasi iliyoachwa makusudi kati ya ukuta na paa, na kuta za tofali moja. Kila kimoja katika hivyo kina hekima yake pwani, ambako mjenzi hutafuta upepo kama walivyoutafuta wajenzi wa Lamu na Unguja, waliojenga kuta nene za mawe ya matumbawe, vichochoro vyembamba vyenye kivuli na nyua za ndani za kuvuta hewa, karne nyingi kabla ya umeme. Huku juu, hata hivyo, kila tundu ni mlango wa baridi, na mwenye nyumba hulipa fedha ili ajengewe hasara.

Wajerumani, walioufanya mji wa Lushoto makao yao ya mlimani na kuuita Wilhelmstal kwa jina la Kaisari wao, walijenga kwa kuukumbuka ubaridi wa kwao: kuta nene, madirisha ya kufungika sawasawa, na meko ya ukutani yenye dohani. Waingereza waliowafuata waliendeleza desturi hiyo, na magavana wao walikuwa na nyumba ya mapumziko Lushoto, wakilikimbia fukuto la Dar es Salaam. Dohani hizo bado zaonekana juu ya mapaa ya zamani, nazo hupendeza sana. Ila meko ya wazi, kwa upande wa kupasha chumba joto, ni mwizi. Katika magogo kumi yanayoungua, chumba hupata joto la gogo moja au mawili, na lililobaki hupanda angani likivuta pamoja nalo hewa vuguvugu ya chumbani, hata aliyekaa mbele ya moto huungua goti na kuganda mgongo. Kasoro hii iliwasumbua watu wa Ulaya kwa karne nyingi, mpaka Benjamin Thompson, aliyejulikana kama Count Rumford, alipoeleza katika insha yake ya mwaka 1796 jinsi ya kupunguza kina cha meko, kuinamisha kuta za pembeni ili zirudishe joto chumbani, na kubana koo la dohani. Baadaye lilitokea jiko la chuma lililofungwa, lenye mlango na bomba la moshi, ambalo la kisasa humpa mwenye nyumba kiasi cha asilimia 70 au zaidi ya joto la kuni zake. Fundi yeyote hodari wa kuchomelea vyuma aweza kulitengeneza, na kwa watu wenye miwati na mikaratusi yao wenyewe mpakani mwa shamba, silioni la kulishinda kwa urahisi, maadamu bomba lipite juu ya paa na kuni ziwe zimekauka barabara.

Walakini watu wengi hawana dohani wala bomba. Wana jiko la mkaa, na wakati wa kulala huliingiza chumbani. Hapa yafaa nikae kidogo, kwa kuwa ni jambo la uhai. Mkaa uliokolea hautoi moshi wala mwali, na kwa hiyo mtu hudhani kwamba hatari imekwisha, kumbe saa hiyo ndipo unapotoa kwa wingi hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi, harufu wala ladha. Hewa hiyo hushikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni ishikamanavyo nayo, ikaizuia damu kubeba pumzi. Mtu huumwa kichwa, husikia uchovu na usingizi, na kwa kuwa ni usiku huona usingizi ni jambo la kawaida. Mwenye kuziba nyufa za madirisha kwa matambara ili joto lisitoke huzidi kujifungia na sumu. Jiko la mkaa na liotwe barazani au jikoni milango ikiwa wazi, kisha litolewe nje kabla ya watu kwenda kulala. Juu ya hili hakuna illa wala udhuru.

Sasa tuje kwenye mitambo. Kiyoyozi kilizaliwa mwaka 1902, katika kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, Marekani, ambako karatasi zilinywa unyevu wa kiangazi zikatanuka, na rangi moja ikawa haiangukii mahali pa nyingine. Mhandisi kijana, Willis Carrier, alibuni mtambo wa kuitawala hali ya hewa ya chumba kile. Hakuwa akitafuta raha ya binadamu bali utulivu wa karatasi. Lakini fikra ya kuutumia mtambo wa namna hiyo kwa kupasha nyumba joto ilitangulia kwa miaka 50, kwani William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, aliiandika mwaka 1852.

Siri ya mtambo huo ni hii. Gesi ikishindiliwa hupata moto, kama ajuavyo kila aliyejaza upepo tairi la baiskeli na kuishika pampu upande wa chini; na ikiachiwa itanuke hupoa. Kiyoyozi huizungusha gesi kati ya sanduku la ndani na sanduku la nje, ikichukua joto upande mmoja na kulitupa upande wa pili, na kazi ya umeme ni kuisukuma kompresa tu. Ukiweka vali ya kugeuza njia, mtambo huo huo hulichota joto nje na kulileta ndani, kwa maana hata hewa ya nyuzi 10 ina joto la kuchotwa. Heri yake imo katika hesabu. Hita ya umeme ya wati 2,000, ikiwaka saa nne, hula uniti nane, na katika siku kumi uniti 80, nayo imekwisha kupita uniti 75 za mwezi ambazo kwa muda mrefu zimekuwa kikomo cha daraja la watumiaji wadogo wa umeme. Mtambo wa kuhamisha joto, kwa sababu hauzalishi bali huchukua lililopo, hutoa joto lile lile kwa uniti mbili au tatu kwa usiku. Norway na Sweden, nchi za theluji, zimeijaza mitambo hii majumbani.

Maendeleo mengine mawili yafaa kujulikana. La kwanza ni inveta, iliyoingia katika viyoyozi vya nyumbani kutoka Japani mwanzoni mwa miaka ya 1980: badala ya kompresa kuzima na kuwaka kwa nguvu zake zote, hupunguza mwendo na kuendelea taratibu, na umeme unaookolewa si haba. La pili ni gesi yenyewe. Zile za zamani zilitoboa tabaka la ozoni, zikapigwa marufuku hatua kwa hatua kwa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987. Zilizozifuata haziidhuru ozoni, lakini huipasha dunia joto vibaya mno, na mojawapo, R-410A, uzito kwa uzito, ina nguvu zaidi ya mara 2,000 ya hewa ya ukaa. Mataifa yalikutana Kigali, Oktoba 2016, yakakubaliana kuzipunguza. Leo soko linaelekea R-32, yenye theluthi moja ya madhara hayo, na R-290, ambayo ni propani, jamaa ya gesi ya kupikia, isiyo na dhara kubwa kwa anga ila huwaka moto, kwa hiyo yataka fundi aliyefunzwa. Na fundi anayeifungua gesi kuukuu ikatokea hewani ili ajaze mpya, kama ifanyikavyo kila siku, anaharibu kilichojadiliwa Kigali.

Hata hivyo mtambo bora ukiwekwa chini ya bati tupu ni fedha ya kuupasha moto mlima. Kazi ya kwanza ni dari. Mbao za msindano zapatikana Shume, na juu ya dari yaweza kutandazwa maranda makavu, yenye kina cha kiganja, yaliyochanganywa na chokaa kidogo kuwazuia wadudu na kuwekwa mbali na nyaya za umeme na bomba la moshi. Ya pili ni kuziba mwanya wa paa na matundu yasiyo na kazi, katika vyumba visivyo na moto wa wazi. Ya tatu ni ya anayeanza kujenga: Lushoto iko nyuzi tano hivi kusini mwa Ikweta, kwa hiyo katika miezi ya kipupwe jua hupita upande wa kaskazini. Madirisha makubwa na yaelekezwe huko, sakafu ya saruji ilinywe jua la mchana na kulirudisha jioni, na upande wa kusini, utokako upepo wa baridi, uachiwe madirisha madogo. Siku za ukungu hapatakuwa na jua la kunywa, hilo nalikiri, na siku hizo si chache. Lakini kuelekeza nyumba hakuna gharama hata ya shilingi moja wakati msingi haujachimbwa.

Kwa atakayenunua mtambo baada ya hayo, neno moja. Viyoyozi vingi viletwavyo kwetu ni vya kupoza tu, kwa kuwa muuzaji humfikiria mteja wa Tanga na Dar es Salaam, na kwa sura havina tofauti na vile vinavyopasha joto. Iombe rimoti uitazame: penye alama ya theluji peke yake, mtambo huo hautakufaa Lushoto, sharti pawe na alama ya jua pia, na kibandiko cha sanduku la nje kitaje wati za kupasha joto na jina la gesi. Ulizia hayo kabla hujalipa.