Dakika 40 zilizotupotezea mnunuzi: jinsi ya kuchagua programu ya kikao cha mtandaoni

Leo sizungumzii mbolea wala kantangaze. Nazungumzia kitu kisichoota ardhini ila kinaweza kukuangushia bei kuliko ukungu: kikao cha mtandaoni kati yako na mnunuzi.

Naanza na kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonifundisha.

Misimu miwili iliyopita nilikuwa nasaidia kikundi cha vijana 9 wanaolima parachichi aina ya Hass hapa mkoani Njombe. Miaka yote walikuwa wanauzia madalali shambani, bei anapanga dalali. Safari hii wakapata mnunuzi wa Uholanzi aliyetaka kuongea nao moja kwa moja. Wakaniambia, "Bwana shamba, sisi hayo mambo ya vikao vya mtandaoni hatuyajui, tupangie wewe." Nikajibu hilo dogo. Nikafungua akaunti ya bure ya programu niliyoizoea kwenye semina za kazini, nikatuma linki, basi.

Siku ya siku, kila kijana akaingia kwa simu yake, na wote tumekaa chumba kimoja. Sauti ikawa mwangwi mtupu. Dakika 15 za kwanza ziliishia kwenye "hello, hello, unatusikia?" Tukaanza kueleweka, tukaeleza shamba, ekari, umri wa miti. Mnunuzi akauliza bei na tarehe ya mzigo wa kwanza. Katibu wa kikundi, dada mmoja makini sana, akafungua daftari lake ajibu. Hapo hapo kikao kikakata. Muda wa akaunti ya bure ulikuwa umeisha, dakika 40 kamili, na mimi sikuwa nimesoma masharti.

Tulipofungua linki mpya, yule bwana alishaingia kikao kingine. Tukamwandikia barua pepe mara mbili, akajibu kwa ufupi kwamba atatutafuta. Hakututafuta. Mzigo ule ukaenda kwa dalali, kwa bei yake dalali. Katibu hakunilaumu, ila aliniuliza swali moja: "Bwana shamba, kumbe mlango ulikuwa na saa?" Sikulisahau.

Sasa basi, haya ndiyo niliyojifunza.

1. Jua muda wa bure kabla hujatuma linki

Zoom ya bure inakupa dakika 40 kwa kikao, hata mkiwa wawili tu, na inapokea hadi watu 100. Google Meet ya bure inatoa dakika 60 mkiwa watatu au zaidi. Mkiwa wawili tu, mnaweza kuongea hadi saa 24. Microsoft Teams ya bure nayo ni dakika 60 kwa kikao cha watu wengi. WhatsApp haina kikomo hicho cha dakika, na simu moja ya kikundi inabeba hadi watu 32. Masharti haya kampuni hubadilisha, kwa hiyo kila msimu yaangalie upya. Na kama kuna mtu aliwahi kukufundisha Skype, isahau, ilifungwa Mei 2025.

Angalia vizuri hapo kwenye Google Meet. Programu inahesabu vifaa vilivyoingia, haihesabu vichwa vilivyokaa mezani. Kikundi kizima kikikaa mbele ya kompyuta moja, na mnunuzi akawa na yake, hao ni wawili tu. Dakika 60 hazikuhusu. Tena mwangwi unaisha, kwa sababu kipaza sauti ni kimoja.

2. Mwache mnunuzi awe mwenyeji

Hili watu wengi hawalijui. Kikomo cha muda kinafuata akaunti ya aliyeitisha kikao. Kampuni nyingi za nje zina akaunti ya kulipia, hivyo mwandikie tu: "Tafadhali tutumie linki kutoka upande wenu." Hakuna aibu hapo. Wewe unaingia bure na muda ni wake.

Ukiona lazima uitishe wewe, na vikao ni vingi, lipia mwezi mmoja tu wa msimu kisha usitishe. Anayelipa ni mwenyeji peke yake, waalikwa hawalipi kitu. Utahitaji kadi inayokubali malipo ya mtandaoni. Baadhi ya huduma za pesa za simu zinatoa kadi ya namna hiyo. Ukishalipa weka alama kwenye kalenda ya siku ya kusitisha, la sivyo mwezi unaofuata watakata tena wewe ukiwa shambani unapogolea.

3. Piga hesabu ya bando kama unavyopiga ya dawa

Mwongozo wa Zoom unasema video nzuri ya watu wawili inahitaji kasi ya kilobiti 600 kwa sekunde kupeleka, na kiasi hicho hicho kupokea. Ukipiga hesabu, saa moja inakula karibu MB 540. Sauti peke yake inahitaji kilobiti 60 hadi 80, yaani kwenda na kurudi haifiki MB 75 kwa saa. Tofauti hiyo ni kubwa.

Kwa hiyo ninavyoshauri: washa video dakika 5 za mwanzo, msalimiane, muonane sura, kisha omba ruhusa uizime. Mnunuzi anataka kukusikia vizuri kuliko kuona paji lako la uso limeganda. Ukitaka aone shamba, rekodi video fupi siku moja kabla umtumie. Usijaribu kutembea naye shambani huku mtandao unapanda na kushuka kila ukivuka bonde.

4. Chombo kifuate kazi

Kama mnapanga zamu za kuchuma au mnakubaliana na mwenye lori, WhatsApp inatosha, kila mtu anayo. Kama unamwonyesha mnunuzi cheti cha GLOBALG.A.P., daftari la dawa au majibu ya kipimo cha ukomavu wa tunda, tumia kompyuta na Meet, Zoom au Teams, uonyeshe skrini, maana maandishi yasomeke. Kama mteja ameshazoea programu fulani, fuata ya kwake. Kumlazimisha mteja ashushe programu mpya kwa ajili yako ni kumpa sababu ya kuahirisha.

5. Saa nane ipi?

Vijana, hapa wengi wameumia. Sisi tukisema saa 8 mchana, mzungu anaandika 14:00. Akiandika 8:00, ni saa 2 asubuhi. Juu ya hapo, Uholanzi ipo nyuma yetu saa 2 wakati wa baridi, na saa 1 wakati wa kiangazi chao. Wanabadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Kikao cha 10:00 cha kwao kinaweza kuwa saa 6 mchana kwetu mwezi Februari, na saa 5 asubuhi mwezi Juni. Andika saa zote mbili kwenye ujumbe: "10:00 Amsterdam, 12:00 Dar es Salaam." Imeisha hiyo.

6. Tapeli naye ana linki

Siku hizi matapeli wanajifanya wanunuzi, wanakuita kwenye kikao, halafu wanakuomba uonyeshe skrini ya simu "wakusaidie kupokea malipo". Ukikubali, wanaona kila ujumbe unaoingia, pamoja na namba za uthibitisho za benki. Usionyeshe skrini ya simu yenye akaunti zako za pesa, na namba ya siri haitajwi kwa mtu yeyote. Na wewe ukiitisha kikao, weka nenosiri na chumba cha kusubiri, na usirushe linki kwenye magrupu ya wazi.

7. Kikao kikiisha, kalamu ianze

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hiyo hiyo mwandikie barua pepe: bei kwa kilo, saizi za tunda, kiasi, tarehe, nani analipa usafiri, malipo yanaingia baada ya siku ngapi, na yatakayokataliwa yanakuwa mzigo wa nani. Mwombe ajibu "ndiyo, nakubali". Maneno ya kwenye skrini yanapotea, barua inabaki.

Msimu uliofuata kikundi kile kilipata mnunuzi mwingine. Safari hii tulikaa ofisini kwangu, kompyuta moja, bando la kutosha, chaja ukutani na simu ya akiba pembeni. Jana yake tulifanya majaribio na mwenzangu wa kata jirani. Linki alituma mnunuzi. Jambo la kwanza katibu alilotaja lilikuwa bei, dakika ya 6, kabla hata ya kueleza ekari. Tulimaliza dakika 52. Akachukua lori moja la majaribio. Sio kontena, ni lori moja tu, na bei haikupangwa na dalali.

Baada ya kikao nilimuuliza katibu kwa nini ameanza na bei. Akacheka, akasema, "Bwana shamba, mimi siuamini tena huo mlango."

Nenda kafanye jaribio lako wiki hii, kabla mnunuzi hajakupigia. Tuonane shambani.