Juu ya nini chatu yetu inakataa kula

Wandugu wanafunzi, wengi wanatuuliza kama chatu ya chumba cha biolojia inakufa, juu haikule tangu wiki tano. Hapana. Aina hii ndogo, ambayo inapatikana toka Senegal mpaka Uganda, inaweza kukaa miezi bila kula, kama uzito haupunguke. Tunaipima kila siku ya Posho.

Macho yakiwa meupe kama maziwa, inataka kuvua ngozi, tuiache. Lakini sisi tunaona sababu ni baridi. Usiku wa huku milimani ni mkali, na mwili wa nyoka haujitengenezee joto: chakula kinaweza kuoza tumboni. Upande mmoja wa sanduku unapashwa kufika digri 30. Basi tunaweka chupa za maji ya moto, na chungu kilichovunjika ili ijifiche.

Panya tunaileta usiku, iliyokufa, tumeitia kwanza mu maji ya moto, maana midomo ya chatu inasikia joto. Panya ya uzima inaweza kuiuma. Kuifungua kinywa kwa nguvu, tunakataa kabisa. Na ninyi wa mwaka wa pili, muache kuichokoza na fimbo! Leo usiku tunajaribu tena, mlango utafungwa.