Ahadi za Makazi na Mipaka ya Mamlaka: Wagombea wa Serikali za Mitaa katika Buwenge, Jinja na Mbale

Ikisiri

Makala haya yanachunguza nafasi aliyo nayo mgombea wa serikali za mitaa mashariki mwa Uganda anapozungumzia makazi na ukuaji wa miji. Mifano inatoka Jiji la Jinja, Jiji la Mbale na mji wa Buwenge uliomo katika Wilaya ya Jinja. Hoja kuu ni kwamba ahadi zinazovutia kura kwa wepesi, yaani nyumba, barabara na ajira, ziko nje ya uwezo wa kifedha wa mabaraza. Kwa upande mwingine, mambo yaliyo ndani ya mamlaka yao, yaani mpango wa matumizi ya ardhi, vibali vya ujenzi na kodi ya majengo, hubeba gharama ya kisiasa ambayo wagombea wana kila sababu ya kuikwepa. Makala yanapendekeza maswali yanayoweza kutumiwa kupima ahadi hizo kabla ya kura kupigwa.

1. Utangulizi

Sensa ya mwaka 2014 ilihesabu watu wapatao milioni 34.6 nchini Uganda. Ile ya mwaka 2024 ilihesabu takriban milioni 45.9. Ongezeko la watu zaidi ya milioni 11 katika muongo mmoja linamaanisha kwamba mahali fulani familia zimejenga, zimepanga au zimejibana. Katika eneo la mashariki, sehemu ya ongezeko hilo imeelekea mijini, na Julai 1, 2020 Jinja na Mbale zilipandishwa hadhi kutoka manispaa kuwa majiji. Jinja ilipanua mipaka na kuyameza maeneo ya Bugembe, Mafubira na Budondo. Mbale nayo ilienea hadi Nakaloke na magombolola mengine ya jirani. Buwenge, mji ulio kwenye barabara ya Jinja kwenda Kamuli, katika kaunti ya Kagoma, ulibaki nje ya mipaka ya jiji.

Miezi michache baadaye wananchi wa maeneo haya walichagua mameya, wenyeviti na madiwani katika uchaguzi wa Januari na Februari 2021. Kwa sababu ya UVIKO-19, mikutano mikubwa ilizuiwa, na kampeni zikahamia kwa kiasi kikubwa redioni katika kile kilichoitwa uchaguzi wa kisayansi. Redio ina faida ya kufika mbali. Hata hivyo, dakika chache za matangazo humfaa zaidi mwenye kauli fupi kuliko mwenye hesabu za bajeti. Mkulima aliyejikuta mkazi wa jiji bila kuhama shamba lake alikuwa na maswali mengi: Je, ardhi yake ya ukoo ingepimwa? Je, angelipishwa kodi? Je, angehitaji kibali ili kuongeza chumba? Hayo hayajibiki kwa kaulimbiu.

2. Historia tatu za makazi

Jinja ilirithi makazi yaliyojengwa na umma. Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954, viwanda kama kile cha nguo cha NYTIL vilihitaji wafanyakazi, na mtaa wa Walukuba ulijengwa ili kuwapa nyumba za kupanga. Nyumba hizo zilibaki mikononi mwa baraza. Kwa hiyo mgombea wa Jinja hukabiliwa na swali ambalo mwenzake wa Buwenge hana: je, nyumba za baraza zikarabatiwe, ziuzwe kwa wapangaji waliomo, au zibomolewe ili pajengwe maghorofa? Kila jibu lina kundi linalofaidika na kundi linalopoteza. Mpangaji wa miaka mingi hutaka kuuziwa; asiye na nyumba hutaka zijengwe nyingi zaidi; baraza lenyewe hutaka mapato ya pango yasikatike.

Jinja na Mbale zinashiriki pia historia ya mwaka 1972, Waasia walipofukuzwa na majengo yao ya katikati ya mji kuwekwa chini ya bodi ya usimamizi wa mali zao. Sheria ya Mali Zilizotaifishwa ya mwaka 1982 ilifungua njia ya kuwarudishia wenyewe, lakini migogoro ya umiliki iliendelea kwa miaka mingi na kuchelewesha ukarabati wa sehemu zenye thamani kubwa kuliko zote mijini.

Buwenge ina historia ya tatu. Hapa hakuna mtaa wa baraza wala majengo mengi ya kibiashara ya zamani. Kuna ardhi ya kimila inayogawanywa kutoka kizazi kimoja hadi kingine, mashamba ya miwa yanayolishwa na soko la viwanda vya sukari vya Busoga, na viwanja vinavyokatwa na kuuzwa kimoja kimoja kando ya barabara. Mji unakua kwa maamuzi ya kaya. Kila kaya huamua kwa busara yake, lakini jumla ya maamuzi hayo inaweza kuwa mji usio na njia ya kupitisha bomba la maji.

3. Baraza linaweza nini?

Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 iliyapa mabaraza madaraka mapana ya kupanga maendeleo na kutunga sheria ndogo. Sheria ya Mipango ya Ardhi ya mwaka 2010 ilitangaza nchi nzima kuwa eneo la mipango; kwa hiyo hata Buwenge inapaswa kuwa na mpango na kamati ya kuusimamia. Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013 iliongeza masharti ya vibali na ukaguzi. Kwa maandishi, basi, diwani wa Buwenge ana zana.

Zana hizo hukutana na vikwazo vitatu. Kwanza, baraza halimiliki ardhi. Ibara ya 237 ya Katiba ya mwaka 1995 inasema ardhi ni mali ya raia, na Ibara ya 26 inataka fidia ya haki ilipwe kabla ya mtu kunyang'anywa mali yake. Mgombea anayeahidi barabara pana za mitaa anaahidi ama fidia ambayo hana, ama ridhaa ya wenye ardhi ambayo bado hajaiomba. Pili, sehemu kubwa kabisa ya fedha za mabaraza hutoka serikali kuu zikiwa tayari zimepangiwa matumizi, hasa mishahara, elimu na afya. Tatu, mtendaji mkuu wa wilaya huteuliwa na Tume ya Utumishi wa Umma, si na baraza lililochaguliwa.

Wapangaji nao wanaathiriwa na sheria iliyotungwa mbali na baraza. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 inataka mkataba wa maandishi pale pango linapofikia shilingi 500,000. Pango la muzigo, yaani chumba kimoja cha kupanga katika Walukuba au Namatala, liko chini sana ya kiwango hicho. Mpangaji wa namna hiyo akifukuzwa hana karatasi ya kuonyesha.

4. Kodi: mahali ahadi inapopimwa

Jambo linaloeleza zaidi ukimya wa wagombea ni kodi. Kodi ya kichwa iliyopangwa kwa viwango vya kipato ilikuwa tegemeo kubwa la mabaraza ya Uganda, lakini pia ilichukiwa. Ilipunguzwa katika mazingira ya kampeni za mwaka 2001, kisha ikaondolewa mwaka 2005, miezi michache kabla ya uchaguzi wa 2006. Mwaka 2006 huohuo, marekebisho ya Sheria ya Kodi ya Majengo yaliziondolea kodi nyumba ambazo mwenyewe anaishi. Kodi ya huduma za mitaa iliyoanzishwa mwaka 2008 haikuziba pengo.

Matokeo yake ni kwamba mji kama Buwenge, ambako nyumba nyingi hukaliwa na wenyewe, unaweza kuongezeka nyumba mia bila mapato ya baraza kuongezeka kwa kiwango kinacholingana. Mahitaji ya barabara, mifereji na takataka huongezeka yote. Mgombea anayesema ukweli huu redioni huonekana anatetea kodi. Anayeunyamazia huchaguliwa, kisha hulaumiwa kwa mashimo ya barabarani.

5. Bonde na mto: gharama ya ukimya

Usiku wa kuamkia Julai 31, 2022, mvua kubwa ilisababisha mito ya Mbale, ikiwemo Nabuyonga na Namatala, kufurika. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha, na nyumba na mashamba mengi yakaharibiwa. Maji yaliteremka kutoka miinuko ya Mlima Elgon, lakini yalipofika chini yalikuta nyumba kando ya mito na katika ardhi oevu. Kanuni za mwaka 2000 kuhusu ardhi oevu na kingo za mito zilikuwepo kwa miaka 22.

Kanuni pekee hazihamishi kaya. Anayejenga bondeni mara nyingi amenunua kiwanja pekee alichoweza kukimudu, tena mbele ya mashahidi na kiongozi wa kijiji. Mgombea akiahidi kubomoa, anapoteza kura za bonde zima. Akiahidi kutobomoa, anaahidi jambo ambalo mto hautaliheshimu. Msimamo wa tatu, wa kutenga viwanja vya bei nafuu mahali pa juu kabla ya kuzuia ujenzi bondeni, unahitaji ardhi, fedha na muda unaozidi kipindi kimoja cha miaka mitano. Ndiyo maana husikika kwa nadra, ingawa ndio unaookoa maisha.

6. Njia zilizokwisha kujaribiwa

Eneo hili halianzi sifuri. Kuanzia mwaka 2010, mpango wa TSUPU uliokuwa chini ya muungano wa Cities Alliance uliihusisha Jinja na Mbale pamoja na Arua, Kabale na Mbarara. Uliunda majukwaa ya maendeleo ya manispaa, ambamo vikundi vya akiba vya wakazi wa mitaa duni vilikaa meza moja na maofisa wa baraza. Mradi wa USMID, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia mwaka 2013, uliipa Jinja, Mbale na manispaa nyingine 12 fedha za miundombinu kwa kutegemea utendaji wao.

Tofauti ya njia hizi ina funzo kwa washauri wa sera. Fedha za USMID zilionekana barabarani, na kwa hiyo ziliweza kugeuzwa sifa za kampeni. Majukwaa yalizalisha takwimu na mazoea ya kujadiliana, vitu visivyopigwa picha. Buwenge, ikiwa baraza la mji na si manispaa, ilibaki nje ya njia zote mbili.

Kutokana na uchambuzi huu, maswali manne yanafaa kuulizwa kila mgombea katika midahalo ya redio: Ahadi hii iko ndani ya mamlaka ya baraza gani? Fedha zake zitatoka katika chanzo kipi? Nani atatoa ardhi, na kwa fidia ipi? Nani atahama, na aende wapi? Vituo vya redio na asasi za kiraia vinaweza kuyauliza kwa lugha za Lusoga na Lumasaba bila gharama ya ziada. Aidha, serikali kuu ingefaa kuyafikishia mabaraza ya miji midogo ruzuku ya upimaji wa njia na viwanja mapema, kwa kuwa kutenga njia katika shamba la miwa ni rahisi kuliko kuipasua kati ya nyumba zilizokwisha kuezekwa.

7. Hitimisho

Udhaifu wa misimamo ya wagombea kuhusu makazi haupaswi kuchukuliwa kuwa ni upungufu wa nia pekee. Unatokana na mfumo unaompa mgombea kura kwa kuahidi asichokimudu na kumwadhibu kwa kutaja anachokimudu. Jinja inaonyesha uzito wa nyumba za umma zilizorithiwa. Mbale inaonyesha bei ya kuchelewa. Buwenge bado ina nafasi ambayo majiji hayo mawili yameipoteza kwa sehemu kubwa, nayo ni ardhi iliyo wazi. Nafasi hiyo hupungua kwa kila kiwanja kinachouzwa bila njia.