Mgeni Aliyeoa kwa Mwenyeji

Ndugu msikilizaji, wazee walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapa kwetu, kuanzia Mikindani hadi Msimbati na mdomo wa Mto Ruvuma, mgeni mwenye mali mara nyingi alipewa mke kabla ya jembe. Leo tulizungumze jambo hilo, maana mpaka sasa linagombanisha ndugu kwenye mirathi.

Katika karne ya 19 Mikindani ilikuwa bandari ya misafara. Livingstone mwenyewe alianzia safari yake ya mwisho pande hizi, mwaka 1866. Kutoka bara zilikuja pembe za ndovu, na watumwa pia. Kutoka pwani zilikwenda nguo, shanga, chumvi na bunduki. Mfanyabiashara, awe Mwarabu au Mswahili, alikopesha nguo leo ili aletewe pembe baada ya miezi kadhaa. Benki hakuna, polisi njiani hakuna. Nani atamdhamini? Ukwe ndio uliokuwa dhamana. Aliyeoa kwenye ukoo alipata ulinzi, wakalimani na habari za njia. Na ukoo ulipata mtu wao pwani.

Jambo hili ni la zamani. Masimulizi ya Kilwa Kisiwani yanasema kwamba Mshirazi, Sultani Ali, alimpa mzee wa kisiwa zawadi, kisha akamwoa binti yake; na mtoto wao ndiye aliyekabidhiwa utawala na babu yake mzaa mama. Kule Tabora nako, Muhammed bin Juma, baba yake Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe.

Hata Amerika ya Kaskazini, wafanyabiashara wa ngozi za wanyama walioa kwa Waojibwe kwa sababu hizo hizo. John Johnston, mtu wa Ireland, alimwoa binti wa chifu Waubojeeg miaka ya 1790. Lakini kuna tofauti kubwa. Ukoo wa Waojibwe hufuata baba. Kwa hiyo mtoto wa mzungu alizaliwa hana ukoo, mpaka apokelewe kwenye ukoo mwingine.

Kwetu kusini, Wamakonde, Wayao na Wamakua walifuata upande wa mama. Mtoto wa mgeni hakuhitaji kupokelewa na mtu. Siku aliyozaliwa alikuwa tayari ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba wake ndiye mwenye neno juu yake. Papo hapo, kwa baba yake alikuwa Mwislamu mwenye haki ya kurithi kwa sheria ya dini. Mtoto huyo alikuwa na milango miwili, na ndiyo maana familia hizi ziliweza kufanya biashara pande zote.

Lakini tusipambe mambo. Si kila mwanamke aliolewa kwa posa. Wengine walinunuliwa wakafanywa masuria. Kwa sheria ya Kiislamu, mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake alikuwa huru na mrithi sawa na wengine. Ila mama huyo alikuwa ametengwa na wajomba zake, hana wa kumtetea. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, lakini minong'ono ya nani alitoka wapi haikufutwa.

Na hapo ndipo mirathi inapoingia. Baba akifa, watoto wanataka minazi kwa sheria ya dini. Wajomba nao wanasema: ardhi ile ilikuwa ya ukoo wetu, marehemu alikaribishwa tu kwa ajili ya mke. Wote wawili wana hoja, maana ndoa ile ilifungwa juu ya taratibu mbili. Anayeumia zaidi ni mjane. Ikumbukwe kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haikubali mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi.

Basi, wazee wangu, shamba la baba na shamba la ukoo vitengwe wangali hai wenye kujua mipaka, na iandikwe mbele ya mashahidi wa pande zote mbili. Na tuache kuulizana nani mgeni na nani mwenyeji. Katika pwani hii, ukihesabu bibi zako vizuri, utawakuta wote wawili nyumbani mwako.

Kwa leo naishia hapa. Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo.