Kivuli, Sanamu na Taa: Jiji Linapogeuka Jukwaa

Mkazi akisimama mahali pa wazi Uhuru Park mwendo wa saa kumi na moja unusu jioni, atakiona kivuli chake kimemzidi kimo zaidi ya mara tatu. Baada ya saa moja hivi jua hutua na giza huingia upesi, kwa kuwa Nairobi iko karibu na ikweta. Maonyesho ya taa ya nje hurefusha dakika hizo chache.

Mchoraji aliyeujulisha ulimwengu mvuto wa saa hiyo ni Giorgio de Chirico, Mwitaliano aliyezaliwa Volos, Ugiriki, mwaka 1888. Alichora viwanja vitupu, matao, sanamu pweke, saa na garimoshi kwa mbali. Mtindo huo uliitwa uchoraji wa metafizikia, kwa sababu vitu vya kawaida humwonekania mtazamaji kana kwamba vinaficha jambo. Mwaka 1929 de Chirico alibuni mandhari na mavazi ya dansi ya Le Bal, na hivyo vivuli vyake vikapanda jukwaani.

Katikati ya Nairobi vifaa vya mchoro kama huo vipo. Kuna stesheni ya reli, uwanja wa KICC, sanamu ya Dedan Kimathi iliyozinduliwa mwaka 2007, na ile ya Tom Mboya ya mwaka 2011, karibu na mahali alipouawa 1969. Mchana huzungukwa na wapita njia; usiku maduka yakifungwa, hubaki peke yake.

Kazi ya fundi wa taa si ngumu kueleza. Taa ikiwekwa juu, kivuli huwa kifupi. Ikiwekwa chini na kando, kivuli hurefuka. Mchezaji akiisogelea taa, kivuli chake ukutani hukua. Akienda mbali nayo, hupungua. Hivyo mtu mmoja anaweza kuonekana jitu, kisha mtoto.

Hata hivyo, swali kuu ni nani atakayetazama. Onyesho likiisha saa tatu usiku mjini, mkazi wa Kawangware au Kangemi bado ana matatu ya kusubiri na kichochoro cha kupita. Kwa mwanamke anayetembea peke yake, kivuli kirefu si sanaa. Ni sababu ya kuharakisha hatua. Tamasha la Nai Ni Who la kituo cha sanaa cha GoDown lilionyesha kuwa sanaa inaweza kuwafuata watu mitaani mwao.

Katiba, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti majukumu ya shughuli za kitamaduni na burudani za umma, taa za barabarani, na udhibiti wa kelele. Mambo hayo matatu hukutana katika onyesho moja. Waandaaji wanapaswa kuelekeza taa mbali na macho ya madereva, kufunika nyaya zinazokatiza njia, na kuacha kituo cha matatu kikiwa na mwanga hadi mtazamaji wa mwisho aondoke. Wakumbuke pia kwamba kanuni za kelele za mwaka 2009 huhesabu usiku kuanzia saa mbili, na viwango vinavyoruhusiwa hushuka.

Wakazi nao wana haki ya kuuliza mapema: taa zitawashwa wapi, zitazimwa saa ngapi, na njia ya kurudi nyumbani itamulikwa na nani?