Dagaa: Je, Hula Mchanga?

Mwanafunzi mmoja aliyekulia Lushoto, ambako dagaa wa ziwani hufika sokoni wakiwa wamekwisha kukaushwa, aliwahi kuandika katika zoezi la tafsiri kuwa samaki huyo "hula mchanga". Ushahidi wake aliupata mezani: mchuzi wa kwao ulikuwa na chembe za mchanga. Kosa hilo lina mantiki yake, lakini mchanga huo haukupitia kinywani mwa samaki. Ulimganda alipoanikwa ufukoni juu ya ardhi tupu. Dagaa aliyeanikwa kichanjani huwa safi.

Dagaa wa Ziwa Viktoria, ambaye wanasayansi humwita *Rastrineobola argentea*, hula hasa planktoni wanyama, yaani viumbe wadogo mno waeleao majini, wengi wao wakiwa jamaa wa mbali wa kamba. Hula pia wadudu na mabuu yao. Mchana hukaa kilindini. Usiku hupanda karibu na uso wa maji, na ndiyo maana wavuvi humvutia kwa taa nyakati zisizo na mbalamwezi.

Hapa mfasiri awe macho. Huko Kigoma neno *dagaa* hutaja samaki wengine kabisa, *Stolothrissa tanganicae* na *Limnothrissa miodon*, walio wa ukoo mmoja na sadini. Hao nao hula planktoni, ila *Limnothrissa* akikomaa huwala hata wachanga wa *Stolothrissa*, na pengine wa jinsi yake mwenyewe. Dagaa wa Mwanza si sadini. Ukoo wake ni ule wa ningu. Basi kumfasiri kila dagaa kuwa sadini ni kumpa nasaba isiyo yake. Matini isipotaja ziwa, ni heri neno *dagaa* liachwe lilivyo.

Kwa upande wa sarufi, katika maandishi rasmi tumia upatanisho wa viumbe hai: *dagaa huyu anakula, dagaa hawa wanakula*. "Dagaa hizi" husikika sana sokoni na jikoni. Mimi nisingeisahihisha kwa muuzaji, ila ningeisahihisha katika insha.

Kitamathali, *dagaa* ni mhalifu mdogo anayekamatwa huku *papa* akiachwa. Sitiari hiyo humwona dagaa kama windo tu. Viumbe wa planktoni, lau wangekuwa na lugha, wangemwita papa.